Maktaba Iliyoanzia Nyumba ya Kuazima
(Maneno yaliyosemwa Ikombe mbele ya kamati za sharika)

Wapo waliouliza: chumba cha kusomea kitaanzaje nasi hatuna jengo?

Tukumbuke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Maktaba kubwa ya sasa, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilifunguliwa mwaka 2018: wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, nafasi ya vitabu 800,000. Hesabuni, ni miaka 57 tangu Lumumba! Lakini watu walisoma miaka yote hiyo.

Sisi tunaomba kabati moja la chuma, maana mchwa na unyevunyevu wa ziwa tunavijua. Vitabu vitakuja na mitumbwi inayorudi kutoka kuuza vyungu Matema. Kazi iko kwenye ufunguo. Tumewahi kuona vitabu vya msaada vikioza ndani ya maboksi, mwenye ufunguo kasafiri. Na hilo, tuambiane ukweli, halikuwa kosa la mfadhili. Basi kabla ya kabati kufika, kamati itaje watu wawili watakaofungua kila jioni watoto wakitoka shule.