Pikipiki kuukuu na fundi mkweli

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu wanaoipinga methali hiyo kwa makusudi mazima. Watu hao wako Uingereza. Hununua pikipiki iliyotengenezwa miaka ya 1950, imeota kutu, imelala bandani miaka mingi, na hulipa fedha nzuri kwa moyo mkunjufu. Kisha majira mazima ya baridi hupita wakiifungua nati moja baada ya nyingine. Na wakisha kuifufua hawaiweki sebuleni ili wageni waitazame. Huipeleka milimani, wakaipandisha juu ya mawe na kuipitisha kwenye vijito na matope.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: ukisha kubadili pistoni, rimu, breki, kabureta na hata fremu, je, umefufua pikipiki ya zamani, au umeunda mpya ukaivika jina la marehemu? Swali hili limewagombanisha wapenzi wa vyombo hivyo kwa miaka mingi, na si la mzaha, kwa kuwa ndani yake mna fedha, mna heshima ya ushindi, na mna ujuzi ambao ukipotea haurudi.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Waingereza huuita majaribio, kwa sababu tangu asili ulikusudiwa kujaribu uimara wa chombo na ustadi wa mwendeshaji. Hapa mbio hazina maana. Njia hugawanywa katika vipande vifupi vilivyo vibaya kupita kiasi: mwamba unaoteleza, mizizi ya miti, kona kali penye mteremko. Mwamuzi husimama pembeni na kuhesabu. Ukigusa chini kwa mguu mara moja, unapata alama moja ya adhabu. Mara mbili, alama mbili. Mara tatu au zaidi, alama tatu. Ukisimama, ukianguka au ukitoka nje ya mipaka, ni alama tano. Mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Naam, huu ndio mchezo wa pikipiki ambao mwenda pole hajikwai.

Mashindano yake mashuhuri ni yale ya Siku Sita ya Scotland, yaliyoanza mwaka 1909 na ambayo siku hizi makao yake ni mji wa Fort William. Mwaka 1961 Mwingereza Gordon Jackson, akiendesha AJS ya sentimita za ujazo 350, alimaliza siku zote sita kwa kupoteza alama moja tu. Siku sita za mawe na matope, na mguu mmoja ukagusa ardhi mara moja!

Pikipiki za enzi hizo zilikuwa na silinda moja na gurudumu zito ndani ya injini, kiasi kwamba mtambo uliweza kupiga taratibu sana bila kuzimika. Ukiisikia inapanda kilima unaweza kuhesabu kila mpigo. Eksozi iliinuliwa juu isigonge mawe, gia zilikuwa fupi, usukani mpana, na tairi zilijazwa upepo kidogo tu ili zishike mwamba. AJS, Ariel, BSA, Royal Enfield na Triumph zote zilitengeneza vyombo vya namna hiyo.

Kisha yakaja mageuzi. Bingwa Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, aliyekuwa akishinda kwa Ariel nzito ya sentimita za ujazo 500, alihamia kampuni ya Bultaco ya Hispania mwishoni mwa mwaka 1964. Mwaka 1965 akashinda Siku Sita za Scotland kwa Bultaco nyepesi, na ikawa mara ya kwanza kwa chombo cha kigeni kunyakua ushindi huo. Zama za pikipiki nzito za Kiingereza zikafikia tamati. Si ajabu basi kwamba wapenzi wa vyombo vya kale wanauchukua mwaka huohuo wa 1965 kuwa mpaka: pikipiki ya aina iliyotengenezwa kabla yake inaruhusiwa katika mashindano yao maalumu, na ya baadaye hairuhusiwi.

Sasa tuingie karakana. Fundi mwenye busara hafungui hata skrubu moja kabla ya kupiga picha kila upande na kuandika namba za injini na fremu. Baadhi ya vyama vya wamiliki vimehifadhi daftari za viwanda vilivyokufa, na humo utajua kama injini na fremu hizo zilitoka kiwandani pamoja au zilikutanishwa na dalali.

Baada ya hapo atakutana na nati. Nati za Uingereza za wakati ule hazikupimwa kwa milimita. Nyingi zilifuata vipimo vilivyotokana na kazi ya mhandisi Joseph Whitworth, aliyependekeza utaratibu wake mwaka 1841, na spana zake huandikwa kipimo cha bolti, si upana wa kichwa cha nati. Anayelazimisha spana ya milimita hula pembe za nati, na nati iliyoliwa pembe humla fundi siku nzima.

Kisha kuna magneto, kile kifaa kinachozalisha cheche bila kutegemea betri. Ugonjwa wake wa kawaida ni huu: asubuhi unapiga kiki mara moja na injini inawaka, lakini ikisha kupata moto inazimika na haitaki tena mpaka ipoe. Asiyejua atabadili plagi, atasafisha kabureta, atalaumu petroli. Anayejua atatazama kondensa iliyofichwa ndani ya magneto, ambayo imechoka kwa uzee, pamoja na koili ambayo vanishi yake imelainika kwa joto. Dawa ni kuisuka upya. Kazi hiyo ni ya subira, na wenye kuijua vizuri wanazidi kupungua.

Silinda iliyolika huchongwa na kutiwa pistoni ya oversaizi. Vumbi la breki za zamani halipulizwi kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, kwa maana viatu vya breki za miaka hiyo vilikuwa na asbesto, ambayo huleta saratani. Aidha, petroli ya kawaida ya Uingereza tangu mwaka 2021 imechanganywa na kilevi kwa kiasi cha hadi asilimia 10, na kilevi hicho huharibu mipira ya zamani na baadhi ya matangi ya nyuzi za kioo. Hapo fundi hana hiari: mpira wa zamani lazima utoke, mpya uingie.

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Wapo walioanza na mpira wa petroli wakaishia mbali. Fremu wakaunda upya kwa bomba jepesi. Shokamzoba za mbele wakazitia matumbo ya kisasa ndani ya ganda la zamani. Bolti za chuma zikawa za titani. Kilichobaki cha mwaka 1958 ni jina kwenye tangi na labda kasha la injini. Chombo hicho kikisimama mstarini kando ya pikipiki ya kweli ya mwaka 1958, mwenye chombo cha kweli ameshashindwa kabla hajapiga kiki. Ndiyo sababu katika mashindano ya namna hii, mathalani yale ya Kinlochleven huko Scotland, vyombo hukaguliwa, na mabishano juu ya kipi kikubaliwe na kipi kikataliwe hayajawahi kwisha.

Wanaotetea mabadiliko nao wana hoja, na haki ni kuisikiliza. Husema kwamba mabingwa wa zamani hawakuacha pikipiki zao kama zilivyotoka kiwandani. Ni kweli. Ariel ya Sammy Miller, yenye namba maarufu ya GOV 132, ilipunguzwa uzito mwaka hadi mwaka na mwenyewe. Husema tena kwamba hata huo Uingereza wa pikipiki za Kiingereza una mashaka. Nayo ni kweli. BSA Bantam iliyotoka mwaka 1948, ambayo Waingereza wengi walijifunzia kuendesha, ilitokana na mchoro wa DKW ya Ujerumani uliochukuliwa kama fidia ya vita. Yamaha ya kwanza kabisa, ya mwaka 1955, ilifuata mfano huohuo. Kwa hiyo, msikilizaji, Yamaha inayopita mtaani kwako sasa hivi ina udugu wa mbali na Bantam ya Birmingham.

Lakini hoja hizo hazimwondolei lawama mwenye kuficha. Miller alipunguza uzito kwa maarifa na vifaa vya wakati wake, na kila mtu alijua anafanya hivyo. Anayetia vifaa vya karne hii ndani ya ganda la karne iliyopita, kisha akaandika katika fomu kwamba chombo ni cha mwaka 1958, huyo anasema uongo. Na akikiuza kwa bei ya kitu cha asili, uongo umegeuka wizi.

Kwa maoni yangu, fundi mkweli huyagawa mavipuri katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vinavyolika kwa kutumika: tairi, cheni, beringi, ringi, kebo, viatu vya breki. Hivi hubadilishwa bila haya, maana hata mwenye pikipiki ya mwaka 1958 alivibadilisha. Fungu la pili ni vinavyotengenezeka: silinda, magneto, kabureta, gurudumu lenye spoku zilizokatika. Hivi hutengenezwa, hata kama kununua kipya ni rahisi zaidi. Fungu la tatu ni vile vinavyoifanya pikipiki iwe yenyewe: fremu, kasha la injini, umbo lake. Hivi havitupwi ila pale usalama wa mwendeshaji unapolazimisha. Na kila kilichobadilishwa huandikwa katika daftari, na daftari hilo humfuata mnunuzi.

Huenda ukauliza, kwa nini tujisumbue hivyo kwa ajili ya mchezo? Sababu ni kwamba viwanda vyenyewe vimekufa. Kampuni iliyomiliki AJS ilianguka mwaka 1966, na BSA, iliyoanzishwa mwaka 1861, ikaanguka mwaka 1973. Royal Enfield ilinusurika kwa kuwa tangu mwaka 1955 Wahindi walikuwa wakiiunda Madras, ambayo leo ni Chennai, na jina hilo linaendelea huko hadi leo. Kwa zilizosalia, kielelezo kilichobaki ni chuma chenyewe. Karakana ndogo inayokereza kipuri kipya leo huhitaji kipuri cha zamani cha kupimia. Kila kipande cha asili kinachotupwa jalalani kinaondoka na vipimo vyake, na kila kipande cha uongo kinachopachikwa jina la zamani kitampotosha fundi wa kesho atakayekifuata kama kielelezo.

Wala chombo hakihifadhiki kwa kufungiwa kabatini tu. Anayeitazama AJS nyuma ya kioo haoni kwa nini gurudumu la ndani lilikuwa zito. Anayeipandisha juu ya mwamba, ikipiga taratibu bila kuzimika, anaelewa kwa mara moja yale waliyoyajua waliokwisha tangulia. Kuitumia kutailiza, na kulika kwake kutaleta kazi karakanani, na kazi hiyo ndiyo inayowafundisha vijana kusuka magneto na kuchonga silinda.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wazee. Nami naongeza: ukilazimika kuubadili mbachao huo, mwambie atakayeusalia baada yako ni uzi upi wa zamani na ni upi ulioutia wewe.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, alamsiki.