Daftari Lisilo na Karatasi

Chukueni kalamu, tuanze somo. Andikeni msemo huu: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mnaujua. Mwenye duka asiyeandika hawezi kujua nani anadaiwa. Lakini leo nawauliza swali jingine: daftari lenyewe likipotea, itakuwaje?

Siku hizi vyuo vikuu vina daftari lisilo na karatasi. Alama za mitihani, kazi za utafiti, picha, na sauti za wazee wakisimulia mambo ya zamani, vyote vimo katika kompyuta. Watu wengi hudhani kwamba kitu kikiisha kuingia humo kimesalimika. Sivyo.

Sikilizeni habari ya Uingereza. Mwaka 1086 Mfalme William aliandikisha ardhi na mali za watu. Kitabu chake, Domesday Book, kiliandikwa juu ya ngozi, na hata leo kinasomeka. Mwaka 1986, miaka 900 baadaye, shirika la BBC lilitoa kitabu kipya cha namna hiyo, katika sahani zinazosomwa kwa mashine maalum. Watu zaidi ya milioni moja walisaidia kukusanya habari zake. Haikupita miaka 20, mashine zile zikawa adimu. Sahani zipo, lakini cha kuzisomea hakipatikani kwa urahisi! Ikabidi wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan watunge programu ya kuifanya kompyuta ya kawaida iige mashine ile ya zamani.

Habari ya pili ni ya Japani. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, programu iliyopewa kazi ya kufuta faili kuukuu ilikosea ikafuta faili za watafiti, kama milioni 34. Vikundi 14 viliguswa, na kazi za vikundi vinne hazikuweza kurudishwa.

Basi, mtunzaji wa maktaba atapataje fedha za kuzuia hasara kama hizi? Wajumbe wa baraza la chuo wana mambo mengi: maji, mabweni, mishahara. Akilia tu, hawatamsikia. Na aeleze mambo manne.

Kwanza, tuna nini? Ahesabu mali iliyopo. Aseme pia kipi kisihifadhiwe, maana kutunza kila kitu ni kupoteza fedha.

Pili, kikipotea, hasara ni kiasi gani? Vipimo vya maabara huenda vikarudiwa, kwa gharama. Lakini mzee aliyesimulia akiisha kufa, hakuna fedha ya kumrudisha.

Tatu, gharama ni nini? Hapa aseme kweli. Kutunza si kununua mashine mara moja. Ni kama paa la makuti: ukiliezeka ukalisahau, litavuja. Pana umeme, mshahara wa mtunzaji, mashine mpya za kila baada ya miaka michache, na nakala zinazowekwa mahali mbalimbali, ili moto ukiunguza nyumba moja, nakala ya nyumba nyingine ibaki. Kwa hiyo aombe fungu la kila mwaka, si zawadi ya siku moja.

Nne, nani atafaidika? Yumo mhitimu atakayekuja baada ya miaka 20 kuomba nakala ya matokeo yake ili apate kazi. Yumo mkulima anayetumia mbegu iliyotokana na utafiti wa chuo. Mjumbe akiwaona watu hao, ataona kwamba fedha haiendi kwa mashine, inakwenda kwa watu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hiyo ndiyo hoja yote kwa maneno machache.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini sahani za mwaka 1986 zilishindwa na kitabu cha mwaka 1086?
2. Kwa nini nakala zote zisiwekwe katika nyumba moja?
3. Hesabu za chama chenu zikiwa katika simu ya katibu peke yake, mtafanya nini wiki hii?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.