Mtoto Akiharisha, Gawaneni Kazi

Leo tuzungumze juu ya kugawana kazi mtoto anapoharisha.

Mtoto mdogo akiharisha hupoteza maji na chumvi mwilini, na anaweza kulegea kwa saa chache tu. Saa hizo hizo kuna maji ya kuteka, choo cha kumwaga, chakula cha kupika na nguo za kufua. Ukiyabeba yote peke yako, huenda ukachelewa kumnywesha mtoto, na hiyo ndiyo kazi isiyongoja.

Basi gawaneni hivi. Mmoja akae na mtoto. Kazi yake ni kumnyonyesha na kumpa ORS kidogo kidogo kwa kijiko. Mtoto akitapika, angoje dakika 10, kisha aendelee polepole. Wa pili ashughulikie maji: ayachemshe au atie dawa ya klorini kama pakiti inavyoeleza, ayafunike, achanganye ORS. Inayobaki baada ya saa 24 imwagwe. Wa tatu ashike kinyesi na nguo chafu, na huyo asiguse chakula. Baba anaweza kazi yoyote kati ya hizo, isipokuwa kunyonyesha tu.

Uko peke yako? Mwite jirani wa ploti. Akikosekana, mnyweshe mtoto kwanza, kufua kungoje, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka kazi moja kwenda nyingine.

Hata nje ya nyumba kazi imegawanywa. Kenya ilianza mpango wa afya ya jamii mwaka 2006, na tangu 2023 wahudumu wake huitwa wahamasishaji wa afya ya jamii. Kila mmoja hupangiwa nyumba kama 100. Mjue wako, umwite mapema. Muulize pia kuhusu vidonge vya zinki, ambavyo mtoto hupewa siku 10 hadi 14, hata akiacha kuharisha.

Lakini mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakididimia, akilegea, akipata degedege au akitoa damu, usingoje mtu. Mpeleke kliniki mara moja. Wakiona haja, watamtuma hospitali ya Mbagathi.

Usiku wa leo kubalianeni nyumbani: nani maji, nani choo, na nani atabaki na watoto wengine ukitoka usiku? Msingoje mtoto augue ndipo muulizane.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.