Jana Marufuku, Leo Lazima: Vijana wa Vyuo na Ulevi wa Mtandao



Nimeombwa nizungumze juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu walionaswa na mtandao wa intaneti. Kwetu Nyanda za Juu Kusini jambo hili si hadithi ya mbali. Hapa Iringa tunacho Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na kile cha Kikatoliki cha Ruaha. Mbeya wanacho Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Pita kwenye mabweni na vyumba vya kupanga saa nane za usiku, hasa katika baridi ya Juni na Julai, utaona mwanga mdogo chini ya mablanketi. Wachache wanasoma, sitawasingizia.

Ni desturi yetu watu wazima kuliita jambo hili uvivu. Mimi siafiki. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, limeutambua ulevi wa michezo ya kompyuta na simu kuwa ni maradhi. Mgonjwa hawezi tena kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na huendelea ingawa anayaona madhara. Matumizi ya mtandao kwa jumla hayakuingizwa humo, kwa hiyo tusimwite kila mwenye simu mgonjwa. Hata hivyo, dalili hizo tunazifahamu. Yupo kijana anayekosa kipindi cha asubuhi kwa kuwa amelala alfajiri. Yupo ambaye fedha ya mkopo wa Serikali, aliyopewa kwa chakula na malazi, huteketea katika wiki chache kwa kubashiri matokeo ya mpira wa Uingereza.

Kijana huyu ametoka wapi? Ametoka katika shule zetu. Huko, kwa miaka sita ya sekondari, simu ilikuwa haramu. Aliyekamatwa nayo aliadhibiwa, na pengine ikavunjwa mbele ya gwaride. Baada ya miezi michache anaingia chuoni, ananunua simu, na mara anaambiwa kwamba ratiba, maelezo ya masomo na matangazo ya mhadhiri yatapatikana katika kundi la WhatsApp. Jana marufuku, leo lazima. Katikati hapakuwa na somo hata moja. Ni sawa na kumfungia mtoto mbali na maji miaka sita, kisha kumtosa Ziwa Nyasa na kushangaa kwamba anazama.

Na humo majini wapo wanaomngoja. Kampuni za simu zimekuwa zikiuza vifurushi vya usiku kwa bei nafuu kuliko vya mchana, na mwana wa mkulima, akihesabu senti zake, huchagua usiku. Video moja ikiisha, nyingine hujiwasha yenyewe. Wenye mitambo hiyo hulipwa na watangazaji wa biashara kwa kadiri tunavyokaa tukitazama. Hawana sababu ya kumwambia mtu akalale.

Nchi hii imewahi kupokea chombo kwa busara zaidi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikutana vikundi vikundi kusikiliza redio. Kipindi kilikuwa na saa yake. Kikiisha, watu walijadiliana chini ya kiongozi aliyefunzwa kazi hiyo, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Yatupasa basi tuanzie kidato cha tano: chumba cha kompyuta, saa maalumu, na mwalimu anayefundisha kutafuta, kupima ukweli na kufunga. Wahadhiri nao waache kutuma kazi usiku wa manane. Aliyekwisha kunaswa apokewe na washauri wa wanafunzi kama mgonjwa, wala asifokewe kama mhalifu.

Mkwawa ndiko kunakonitia hofu zaidi, maana wale ni walimu wa kesho. Hao ndio watakaosimama mbele ya gwaride wakinyang'anya watoto simu, ilhali wenyewe hawajui kuzizima za kwao.

Mimi, Ndugu Mwenyekiti, yangu nimeizima mlangoni, tena kwa taabu. Nimeona tangu nianze kusema baadhi yetu humu ukumbini wameinamisha vichwa mara kadhaa, na sidhani kwamba ni kwa huzuni.