Kuonja kahawa yetu wenyewe: kupima umbo na ladha ya kahawa ya Mlima Elgon

Mada kwa wakulima na viongozi wa vyama vya ushirika vya Trans Nzoia na Bungoma



Utangulizi

Sisi huchuma kahawa, huimenya, huiosha na kuianika. Anayeionja kwa makini mara ya kwanza ni mtu wa Nairobi, na ripoti yake hutufikia fungu likiwa limeshauzwa. Wenzetu waliolima tumbaku upande wa Malakisi wanaijua hali hii: jani ni lako, daraja ni la mnunuzi. Hoja yangu ni moja. Chama kisichoonja kahawa yake hakiwezi kuitengeneza vizuri, wala hakiwezi kuitetea sokoni.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka Chepkube. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili mnamo Julai 1975, bei ya dunia ilipanda mno, na kahawa kutoka Uganda ikamiminika kwa magendo katika soko lile la mpakani. Bei ile iliinuliwa na uhaba, si ladha, na uhaba ulipokwisha ikaporomoka. Bei inayoinuliwa na ubora tunaweza kuilinda kwa mikono yetu.

1. Umbo

Kinu cha kukobolea hupanga kahawa kwa ukubwa na uzito. AA ni punje zinazobaki juu ya chekecheke yenye matundu ya takriban milimita 7.2. AB huifuata, PB ni punje duara inayokua peke yake ndani ya tunda, na C ni ndogo zaidi. TT ni nyepesi zilizopeperushwa kwa upepo, na T ni vipande na punje ndogo kabisa. Lakini ukubwa si ladha. PB au AB iliyotunzwa vizuri inaweza kuishinda AA iliyovunda kwenye tangi.

Kwa hiyo tuangalie pia kasoro. Pima gramu 350 za kahawa iliyokobolewa, zimwage juu ya kitambaa cheusi penye mwanga wa kutosha, kisha chambua: nyeusi, zenye ukungu, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika. Kwa kipimo cha kimataifa cha kahawa bora, kasoro kubwa haitakiwi hata moja, na ndogo zisizidi kasoro kamili 5, ambapo ndogo kadhaa huweza kuhesabiwa kuwa kasoro moja kamili. Unyevu uwe kati ya asilimia 10 na 12. Ukizidi hapo, ukungu unakaribishwa ghalani.

2. Meza

Sampuli ikaangwe kidogo, isifike weusi, kisha ipumzike saa 8 hadi 24. Kila sampuli iandaliwe vikombe 5, kila kimoja kikisagiwa punje zake peke yake. Punje moja mbovu hujitokeza katika kikombe kimoja. Ukisaga zote pamoja, ubovu unajificha. Kiasi ni gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji.

Maji yanatakiwa yawe na joto la nyuzi 93 hivi. Hapa jiografia inatusaidia. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 94. Yakichemka tu, mimina. Bungoma mjini, kwenye mita 1,400 hivi, huchemka karibu na nyuzi 95, basi subiri kidogo kabla ya kumimina.

3. Kuonja

Nusa unga mkavu kwanza, kisha mimina maji. Juu patajengeka utando wa unga. Dakika ya 4, vunja utando huo kwa kijiko pua ikiwa karibu kabisa na kikombe, kwa sababu hapo ndipo harufu hutoka kwa nguvu zake zote. Ondoa povu. Baada ya dakika 10 hivi tangu kumimina, chota kwa kijiko na ufyonze kwa nguvu, kwa sauti bila aibu, ili kahawa itapakae ulimi mzima na mvuke upande puani. Tema. Rudia inapopoa, maana kasoro nyingi hufichwa na joto.

Pima utamu, uzito mdomoni, ladha inayobaki baada ya kutema, usafi wa kikombe, na uchachu. Uchachu ndio sifa kuu ya kahawa ya Kenya, lakini upo wa aina mbili: mmoja unachangamsha kama pasheni iliyoiva, mwingine unakera na kunuka siki. Katika mfumo uliozoeleka wa alama 100, kahawa ikifika 80 huhesabiwa kuwa bora.

Kila mwonjaji aandike alama zake kimya kabla mtu yeyote hajazungumza. Mzee akisema mapema, vijana watamfuata kwa heshima, na hapo tutakuwa tumepata maoni ya mtu mmoja tu.

4. Kutoka kikombeni kurudi shambani

Faida ya kuonja ni kujua pa kurekebisha. Ukakasi, pamoja na punje zinazobaki rangi hafifu baada ya kukaangwa, hutokana na kuchuma matunda mabichi. Harufu ya uvundo huonyesha kahawa iliyochachushwa kupita kiasi, au mabaki ya jana yaliyokwama kwenye mashine na mifereji. Punje zilizochubuliwa zinasema mashine ya kumenya imekazwa mno. Ladha ya udongo au ukungu inatupeleka kwenye vitanda vya kuanikia na magunia. Ladha ya moshi, kwenye nyumba ambamo kahawa ililazwa karibu na jiko.

Ladha hutegemea pia aina ya mibuni. Ugonjwa wa matunda ya kahawa (CBD) uliripotiwa kwa mara ya kwanza hapa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na ndio uliowasukuma watafiti kutoa aina zinazoustahimili, Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010. Wengi husema hazifikii aina ya zamani, SL28, kwa ladha. Tusibishane kwa maneno: tutenge mafungu, tuyaonje bila majina, kisha tuamue.

Mapendekezo

1. Kila chama kiwe na meza ya kuonjea: mizani, birika, kikaangio kidogo, kinu cha mkono na vikombe vinavyofanana.

2. Waonjaji wafunzwe kutoka miongoni mwetu, vijana na akina mama wanaochambua kahawa kila siku wakitangulia.

3. Kila fungu liandikwe kwenye rejista: tarehe ya kumenya, saa za kuchachusha, siku za kuanika na alama za waonjaji. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Kabla fungu halijaenda kinuni, sampuli yake ifungwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili, chama na kinu. Ripoti ya Nairobi ikitofautiana na yetu, sampuli hiyo ionjwe upya, sisi na waonjaji wa Nairobi mezani pamoja.

Naomba pendekezo la nne liingizwe katika ajenda ya mikutano mikuu ya vyama vyetu kabla ya msimu ujao wa mavuno.