Usimwambie Alale



Miaka kadhaa iliyopita shemeji yangu, akiwa na mimba ya miezi minane, alivimba uso na mikono. Nyumbani tukasema amenawiri. Akalalamika kwamba kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Nikampa vidonge vya maumivu, nikamwambia alale.

Usiku wa manane akakakamaa, akatupa mikono na miguu, povu likamtoka. Wazee wakasema ni mashetani. Ubani ukafukizwa mpaka alfajiri, ndipo tukatafuta gari. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Hayakuwa mashetani. Kilikuwa kifafa cha mimba, ambacho kwa kawaida hutanguliwa na shinikizo la damu kupanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Kipimo kikifika 140 kwa 90 hilo ni onyo. Protini ikionekana kwenye mkojo, onyo limekuwa kubwa. Kondo la nyuma halipati damu ya kutosha, hivyo mtoto anaweza kudumaa tumboni, kuzaliwa njiti, au kufa. Mama naye huweza kudhurika figo, ini na ubongo. Na kujifungua si mwisho wa hatari: kifafa huweza kumpata hata siku kadhaa baadaye.

Ubaya wake ni kwamba mama anaweza kujisikia mzima kabisa huku shinikizo likipanda. Ndiyo maana ya kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe angalau mara 8. Kina mama, msitoke kliniki bila kupimwa shinikizo na mkojo. Aliyewahi kupatwa na hali hii, mwenye kisukari au mwenye mapacha amweleze mkunga mapema.

Tiba ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini sindano hiyo iko hospitali, haiko kwenye chetezo.

Kina baba wenzangu, mkeo mjamzito akisema kichwa kinamuuma sana, macho yana ukungu, au maumivu yamemkaba chini ya chembe cha moyo, usifanye nilivyofanya mimi. Usimwambie alale. Tafuta gari saa ile ile.