Mzee Mwenye Ngiri: Barua ya Rufaa Isisubiri Usiku wa Maumivu

Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Uasin Gishu



Mazungumzo ya leo yanahusu ugonjwa ambao wazee wengi huuficha chini ya koti: ngiri, au henia kama wengi wanavyoiita. Chukueni mfano huu.

Mzee ana miaka 76 na shamba lake liko upande wa Moiben. Miaka miwili iliyopita, baada ya kupakia magunia ya mahindi, aliona uvimbe mdogo kwenye kinena cha kulia. Ulitokea aliposimama au kukohoa, na ulipotea alipolala. Hakumwambia mtu. Siku moja mwanawe alimwona akibonyeza upande huo huku akipanda matatu, akamuuliza, "Baba, mbona unashika hapo?" Mzee akajibu, "Ni uzee tu, kijana. Achana nayo."

Ngiri haiponi kwa kuachwa. Ukuta wa tumbo umejengwa kwa misuli, na penye udhaifu, mafuta au kipande cha utumbo husukumwa nje. Umri huilegeza misuli hiyo. Kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo, kubeba mizigo mizito na kujikamua wakati wa kukojoa kwa sababu ya tezi dume huongeza msukumo. Ndiyo maana mhudumu wa afya humuuliza mzee kuhusu kifua, choo na mkojo hata kama amekuja kwa sababu ya kinena. Mambo hayo yasipotibiwa, ngiri inaweza kurudi hata baada ya upasuaji.

Kwa mtu mzima hakuna kidonge wala mitishamba inayoziba tundu hilo. Mkanda wa kubana unaweza kuzuia uvimbe kwa muda, lakini hautibu. Tiba ni upasuaji, na mwenye kuamua ufanyike lini, au kama mgonjwa anaweza kuangaliwa kwanza, ni daktari wa upasuaji. Kwa hiyo kupewa rufaa si kuhukumiwa kisu. Ni kumfikisha mzee kwa mtu anayeweza kuamua.

Safari hiyo huanzia karibu na nyumbani, kwenye zahanati au kituo cha afya. Mhudumu humpima mzee akiwa amesimama na akiwa amelala, kisha humwandikia barua ya kwenda hospitali ya ngazi ya 4 au ya juu zaidi yenye huduma ya upasuaji. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo, leo ni ya ngazi ya 6 na hupokea wagonjwa kutoka magharibi yote ya Kenya na hata nchi jirani. Mgonjwa anayefika huko na barua kamili humwokolea daktari muda, na hujiokolea safari ya pili.

Barua kamili hueleza nini? Umri wa mgonjwa, ngiri iko upande gani, ilianza lini, inauma au haiumi, na kama inarudi ndani. Hutaja magonjwa mengine, kama shinikizo la damu, kisukari, moyo au pumu, na pia upasuaji wa zamani, dawa zinazomdhuru na vipimo vilivyokwisha kufanywa. Familia iisome kabla ya kuondoka kituoni, na kama kuna jambo limesahauliwa, iseme papo hapo. Siku ya kliniki, bebeni dawa zote za mzee kwenye mfuko, pamoja na kitambulisho. Dawa za kufanya damu iwe nyepesi zisikatizwe nyumbani bila agizo la daktari.

Wapo wanaosema, "Amezeeka, hawezi kustahimili kisu." Umri peke yake si sababu ya kumnyima mzee rufaa. Ngiri nyingi za kinena hushonwa kwa ganzi ya sehemu au ya uti wa mgongo, bila mgonjwa kulazwa usingizi kabisa, na mara nyingi huwekwa wavu mdogo wa kuimarisha misuli. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake, kisha huepuka mizigo mizito kwa wiki kadhaa. Hatari kubwa kwa mzee ni upasuaji wa dharura, utumbo ukiwa umebanwa na kukosa damu, mwili ukiwa umechoka kwa kutapika.

Dalili za dharura ni hizi: uvimbe uliokuwa ukirudi ndani sasa haurudi, umekuwa mgumu na unauma sana, ngozi yake imebadilika rangi, mgonjwa anatapika, tumbo limejaa, hapitishi choo wala hewa. Hapo msisubiri asubuhi na msisubiri barua. Msiusukume uvimbe kwa nguvu, msimpe chakula wala kinywaji. Mpelekeni moja kwa moja hospitali yenye upasuaji. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Akina mama wazee nao wasisahauliwe. Ngiri huonekana zaidi kwa wanaume, lakini kuna aina inayotokea juu ya paja, chini kidogo ya mkunjo wa kinena, ambayo huwapata zaidi wanawake wa umri mkubwa na hubanwa kwa urahisi. Uvimbe hapo, hata mdogo usiouma, upelekwe kituoni mapema.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa simu kwa kupiga *147#, au kituoni. Kujisajili pekee hakutoshi kwa upasuaji: mchango lazima uwe umelipwa, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Familia ihakikishe hilo kabla ya tarehe ya daktari, isije ikaanza kuitisha harambee mgonjwa akiwa tayari wodini.

Linabaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni aibu. Mzee hapendi kufunua kinena mbele ya binti mdogo kuliko wajukuu wake, wala kulizungumza mbele ya mkaza mwana. Heshima hiyo si kosa. Mwana wa kiume, ndugu au rika lake amkalishe kando na kuongea naye kwa upole. Kituoni, mzee ana haki ya kuomba apimwe faraghani, na kuuliza kama yupo mhudumu wa kiume.

Yule mzee wa Moiben ana njia mbili mbele yake. Anaweza kwenda zahanati wiki hii kwa miguu yake, mwanawe akiwa pembeni, na kurudi na barua mfukoni. Au anaweza kungoja usiku ambao atabebwa. Uvimbe ni ule ule. Nyumbani kwenu, ulizeni leo.